Seti ya haidrojeni kwa ajili ya shule: upande wa jua ni mzuri sana, upande wa taa ya UV msiamini ile picha ya tangazo

Wakuu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari, niko Tanga, na hii seti ninayo tangu mwezi wa pili, nimeshaifundishia mikondo miwili ya kidato cha tatu na klabu ya sayansi juu, na kwa kuwa kila wiki kuna mwalimu mwenzangu ananiuliza inbox kama inafaa au ni hela ya kutupa nimeona niandike yote hapa mara moja. Sitaji jina la duka wala la kampuni, ila ukiona tangazo utaijua tu, ni ile yenye picha ya mama anachemsha chai kwenye jiko lenye moto wa bluu na pembeni kuna boksi linawaka mwanga wa zambarau, halafu maneno makubwa kwamba unapata mafuta kutoka kwenye unyevu wa hewa kwa mwanga wa UV, yaani ule mwanga uliopita zambarau ambao macho karibu hayauoni.

Nikwambie ukweli ile picha ndo ilinifanya ninunue na ile picha ndo iliyoniuma. Tena ningeangalia vizuri ningejua mapema, maana moto wa haidrojeni safi mchana karibu hauonekani, ni rangi hafifu mno, ule moto wa bluu uliokolea kwenye picha ni wa jiko la gesi ya kawaida.

Ndani ya boksi kuna kipaneli cha sola kidogo kama kiganja, seli ya haidrojeni yenye utando katikati (hiyo hiyo inapasua maji ukiipa umeme na inarudisha umeme ukiipa gesi), silinda mbili za plastiki zenye alama za mililita, mipira, sirinji moja, kigari, halafu kwenye trei ya chini ndo kuna hiyo sehemu ya UV: kibomba cha kioo chenye mifuniko miwili, kibao kilichopakwa unga mweupe wa taitani dioksaidi na taa ya LED ya wati 3 iliyoandikwa 365 nm (nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kitabu cha maelekezo ni Kichina na Kiingereza kibovu, ila michoro inaeleweka.

Naanza na upande wa sola maana hapo sina neno baya. Unavuta maji na sirinji, unaingiza upande wa oksijeni mpaka yatokeze kwenye mpira wa pili, unaziba, unasubiri kama dakika tatu utando unywe maji, unaunganisha paneli, nyekundu kwa nyekundu nyeusi kwa nyeusi, unatoka nje. Siku ya kwanza tulitoka saa sita mchana, jua la Tanga mnalijua, watoto arobaini wamezunguka meza moja wanasukumana, na ndani ya sekunde chache viputo vikaanza kupanda kwenye mipira, vidogo vidogo vimefuatana kama shanga. Nilipima mkondo nikapata ampia 0.4. Kwa hesabu, ampia moja inatoa kama mililita 7 na nusu za haidrojeni kwa dakika, kwa hiyo 0.4 ni kama mililita 3 kwa dakika, na kweli silinda ya mililita 20 ikajaa kwenye dakika ya saba. Lakini kilichowagusa wanafunzi sio hiyo. Ni pale walipoinama kusoma alama, upande mmoja 20 upande mwingine 10, na binti mmoja ambaye darasani hata kunyoosha mkono hanyooshi akasema kwa sauti "Madam, kumbe ni mbili kwa moja kweli!" Miaka yote tunaandika H2O ubaoni wanakariri, siku ile waliiona kwa macho yao. Mimi kwa hilo peke yake hela yangu imerudi.

Ukimaliza unachomoa paneli unaunganisha kigari, kinatembea dakika kadhaa kwa gesi ile ile, na jaribio la kijiti cha moto lile la "pop" (haidrojeni ikisogezewa moto inalia pop) unaweza kulifanya kwa mililita chache kwenye testi tyubu bila zinki wala asidi ya kutengenezea gesi. Kwa shule ambazo asidi inakuja mara moja kwa mwaka karibu na mtihani hii ni nafuu kubwa.

Sasa tahadhari moja ambayo mimi nilijifunza kwa kuumia. Maji yawe distilled, basi. Wiki ya tatu maji yaliisha nikaona isiwe tabu nikatumia ya kunywa ya chupa, yanaonekana masafi, lakini yana madini, na yale madini yanakwenda kukaa kwenye utando. Haikufa siku hiyo hiyo, ilidhoofika taratibu, dakika saba zikawa kumi na mbili, zikawa ishirini, mwisho ikagoma. Seli mpya kwa muuzaji haikuwepo, nimesubiri wiki sita. Mnunue maji ya betri kwenye maduka ya spea, yanafaa kabisa na ni bei rahisi, ILA soma chupa mara mbili, kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri na maduka mengine wanaziweka rafu moja. Asidi kwenye mikono ya watoto hapana jamani. Na usigeuze waya, ukigeuza chanya na hasi seli inaharibika hapo hapo.

Haya, sehemu ya UV.

Maelekezo yanasema weka maji ya vuguvugu kidogo chini ya kibomba ili mvuke ujae, kibao kikae juu hakigusi maji, washa taa, subiri dakika 30, utapata haidrojeni. Tukafanya. Dakika 30 hakuna kitu, saa moja hakuna kitu, tumevuta hewa ya mle ndani kwa sirinji tumeisogeza kwenye kijiti, kimya. Nikasema labda ipo ila ni kidogo mno, tukachukua sensa ya MQ-8, ile ya gesi ya haidrojeni inayounganishwa na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma sensa), klabu tulikuwa nayo, tukaipachika kwenye mfuniko. Tukawasha taa. Namba ikaanza kupanda! Kutoka 110 ikafika 190 na kitu ndani ya robo saa, darasa zima likashangilia, na mimi nilishangilia, nilishashika simu nipige picha nimtumie mkuu wa shule.

Halafu kuna kijana mmoja wa kidato cha tatu B akasema, "Madam, tujaribu bila taa."

Tukazima taa, tukafungua, tukapunga hewa mpaka sensa ikashuka, tukarudisha maji ya vuguvugu, tukafunika, giza. Sensa ikapanda mpaka 187. Tukarudia tena kinyume chake, taa inawaka ila hamna maji, tumeweka vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu: 116. Yaani kilichokuwa kinapandisha namba ni unyevu na joto lenyewe, zile sensa za MQ zinayumba sana na unyevu, haikuwa haidrojeni hata kidogo. Walikaa kimya wote. Mimi nikamwita yule kijana mbele nikamwambia aeleze wenzake alichowaza, na alieleza vizuri kuliko ningeeleza mimi. Lile ndilo somo bora nimefundisha mwaka huu wote, na limetokana na kifaa kilichoshindwa kazi.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu muuzaji kabla sijajua kama tatizo ni kifaa au ni sayansi yenyewe, kwa hiyo nilirudi kwenye hesabu, na naomba mnivumilie hapa maana ndo penyewe.

Sayansi yenyewe ni ya kweli kabisa. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukiangazia taitani dioksaidi kwa mwanga wa UV huku imeunganishwa na platinamu ndani ya maji, maji yanapasuka, oksijeni upande huu haidrojeni upande ule. Kinachotokea ni kwamba mwanga unairusha elektroni kutoka mahali pake kwenye ule unga, panabaki pengo, elektroni inakwenda kutengeneza haidrojeni na pengo linavuta elektroni kutoka kwenye maji ndo inatoka oksijeni. Shida ni kwamba elektroni nyingi zinarudi kwenye pengo zao kabla hazijakutana na maji, nguvu yote inaishia kuwa joto. Ndo maana watafiti wanapachika vidoa vya metali juu ya unga, platinamu au rodiamu, vya kuidaka elektroni isirudi. Kibao changu hakina hata kidoa kimoja cha metali. Ni unga mweupe mtupu, ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta na dawa za meno.

Tuseme basi kibao kingekuwa bora kuliko vyote duniani. Taa ya wati 3, mwanga unaotoka ni kama wati 1. Kila molekuli ya haidrojeni inataka chembe mbili za mwanga. Piga hesabu, hata kama hakuna chembe hata moja iliyopotea unapata kama mililita 130 kwa saa. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kunataka zaidi ya lita 26 za haidrojeni, na hapo ni kama hakuna joto lolote linalopotea, tuseme 30. Kwa hiyo taa hii iwake siku tisa, kumi, usiku na mchana, ndo upate lita moja ya chai. Na kwa muda huo taa imekula umeme kama yuniti 0.7, wakati birika la umeme linachemsha maji hayo hayo kwa yuniti 0.1 na kidogo. Narudia, hapo ni kifaa kisichopoteza kitu. Unga mtupu kama huu hata sehemu moja ya mia haufiki.

Hapa ndo namlaumu mwandishi wa tangazo. Kutumia umeme kuwasha taa ya UV ili upate haidrojeni ya kupikia ni kutoa maji kisimani kwa ungo. Hii kitu ina maana pale tu mwanga ni wa bure, wa jua. Na jua nalo lina mtihani wake, mwanga wa UV ni chini ya sehemu tano hivi kwa mia ya nguvu yote inayotufikia chini, na taitani dioksaidi ya aina hii haili mwanga wowote uliopita nanomita 387, kwa hiyo kijani, nyekundu, njano, vyote vinapita bure. (Nilijaribu na taa ya kukaushia jeli ya kucha, jirani yangu ana saluni akaniazima, imeandikwa wati 48, nusu ya balbu zake ni 405 nm ambazo kwa huu unga hazina kazi. Nimeiacha kwa muda wa saa tatu, hakuna kitu.)

Wenzetu Japani wamefika mbali kweli. Kundi la Kazunari Domen mwaka 2020 walionyesha unga mwingine, strontiamu titaneti iliyotiwa alumini, ambao kwenye mwanga wa nanomita 350 mpaka 360 karibu kila chembe ya mwanga inafanya kazi, kama 96 kwa mia. Mwaka 2021 wakaonyesha paneli zimetandazwa nje mita za mraba 100, zikafanya kazi miezi. Na pamoja na ufundi wote huo kiasi cha nguvu ya jua kilichogeuka kuwa haidrojeni kilifika asilimia 0.76 tu, kwa sababu ile ile, unga unakula UV pekee. Kitu kingine nilichokipenda kwao ni usalama, maana mfumo kama huu unatoa haidrojeni na oksijeni zikiwa zimechanganyika, hiyo ni baruti, wao walipitisha mchanganyiko kwenye utando wa kuzitenganisha na waliwasha gesi makusudi kuona kama mitambo itavumilia. Seti yangu inakwambia usogeze njiti karibu na kibomba cha kioo, na haina hata miwani ya kinga. Ingekuwa kweli inatoa gesi kama inavyojisifu ningeogopa kuiwasha mbele ya watoto wa watu. Miwani ya UV nimenunua mwenyewe, na taa yenyewe usiiangalie moja kwa moja, mwanga wa 365 unaonekana hafifu lakini macho yanaumia.

Sasa suala la mvuke, watu wengi wameniuliza kama hapo ndo kuna uongo. Hapana, mvuke sio uongo, na kwa sisi wa pwani naona una maana sana. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 80, ambayo hapa Tanga ni hali ya kawaida tu, mita moja ya ujazo ina gramu kama 24 za maji. Maji hayo yakipasuliwa yote yanatoa haidrojeni lita 32 hivi. Yaani ile hewa iliyopo chini ya meza yako ina haidrojeni ya kuchemsha lita moja ya chai! Na mvuke hauna chumvi, bahari inabaki na chumvi yake. Kwa hiyo maji hayajawahi kuwa kikwazo, kikwazo ni nguvu ya kuyapasua.

Kule Ubelgiji, chuo kikuu cha KU Leuven, kundi la Johan Martens lina paneli inayokamata unyevu wa hewani na kuupasua, mwaka 2019 walisema paneli moja inatoa wastani wa lita 250 za haidrojeni kwa siku. Lakini ile inatumia umeme wa sola ndani yake, ni ndugu wa upande ule mzuri wa seti yangu, sio wa taa ya zambarau. Nikawapigia wanafunzi hesabu kwa kitu wanachokijua: lita 250 ni kama megajuli 3, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ni kama megajuli 276, kwa hiyo paneli moja kama ile ingechukua miezi mitatu hivi kufikia mtungi mmoja mdogo. Kuna aliyesema ni kidogo, kuna aliyesema "Madam lakini bure, na bibi yangu mtungi mmoja anakaa nao miezi miwili", wakabishana mpaka kengele ikalia na mimi sikuwazuia.

Basi ushauri wangu kwa walimu. Kama unaweza kununua seti isiyo na sehemu ya UV, yenye paneli na seli na silinda tu, chukua hiyo na ile tofauti ya bei ununulie seli ya akiba, mimi yangu imenigharimu laki moja na themanini mpaka kunifikia na nadhani theluthi ni ya ile trei ya chini. Kama umeshanunua hii, usiitupe trei, fanya jaribio la sensa kama sisi, taa na maji, maji bila taa, taa bila maji, waache wanafunzi wagundue wenyewe. Kwa mtu wa nyumbani anayetafuta nishati ya kupikia, usinunue, kabisa, hata wakikupunguzia. Nyota tano kwa upande wa sola, nyota moja kwa upande wa UV, na hiyo moja ni ya kioo maana kibomba chenyewe ni kizuri tunakitumia kwa mambo mengine.

Huduma ya muuzaji: mzigo ulifika siku niliyoambiwa, umefungwa vizuri, simu anapokea, "mwalimu wangu" nyingi. Ila nilipomtumia majibu ya sensa na hesabu za chai nikamwomba atoe ile picha ya jiko, maana kuna wazazi watatoa hela ya mkaa wa mwezi mzima wakidhani wamepata jiko, akanijibu kwamba picha imetoka kiwandani, ataangalia. Nimemwandikia tena mara mbili. Jana nimeingia kwenye ukurasa wake, picha bado ipo, mama anachemsha chai.